Kikombe cha Pili cha Mkaguzi

Pikapu ilikuwa imeshapita robot ya tatu, yaani taa za barabarani, mtaa wa Albert Park wote uko nyuma, na Coletha pale mbele kwa dereva alikuwa bado anavikumbuka vitu alivyosahau ghorofani: chujio, kamba ya kuanikia, picha ya Bikira Maria. Mume wake, Gadiel, alikaa nyuma na mizigo, mgongo kwenye kabati, miguu ameikaza kwenye godoro lisije likaruka. Alikuwa na miaka sitini na nane, na hii ilikuwa mara yake ya kumi na moja kuhama humo humo Durban. Hakuhuzunika. Alilitazama jengo lao likipotea nyuma ya majengo mengine, akageuka akatazama kwingine.

Walihama kwa ajili ya kifua cha Coletha. Kile chumba cha ghorofa ya saba kilikuwa na unyevu; ukuta uliota ukungu mweusi, ukiufuta Jumatatu, Ijumaa umerudi. Daktari wa kliniki alisema bila kuzunguka kwamba mapafu ya mama yana makovu ya ugonjwa wa zamani, na majira ya baridi mengine kama yale yaliyopita yatamlaza. Akae mahali pakavu, penye joto lisilo na moshi. Gadiel aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika anwani ya nyumba asiyoijua.

Pakavu walipapata Cato Manor, mlimani: nyumba ndogo ya matofali, vyumba viwili, jua linaingia tangu asubuhi. Kodi ilikuwa ya chini kwa sababu moja tu, haikuwa na umeme. Nyaya zilifika ukutani zikaishia hapo, mita haikuwahi kufungwa. Bomba la gesi nalo lilikuwa la viwandani huko mbali, si la kupita kwenye nyumba za watu wa mlimani. Kwa hiyo pakavu palikuwepo, joto halikuwepo.

Watu wa nje hudhani Durban haina baridi. Waje mwezi wa sita, wakae kwenye kilima, upepo wa bara ushuke asubuhi. Gadiel alinunua jiko la mafuta ya taa akaliwasha chumbani. Baada ya siku nne Coletha akawa analala ameketi, anakohoa mpaka machozi yanatoka.

"Zima hilo dubwana, mzee," alisema. "Bora baridi. Baridi hainiingii puani."

Basi Gadiel akaenda kwa Innocent. Huyu Innocent ni Mtanzania wa Tabora anayejazia watu fomu nje ya duka la simu, ana kiti cha plastiki na kalamu tatu. Gadiel alikuwa na kitambulisho cha mkaazi wa kudumu tangu zamani, kwa hiyo Innocent alifurahi kupata mteja mwenye karatasi kamili.

"Mzee wangu, hii kitu ipo," alisema. "Serikali inazisaidia nyumba zisizo na umeme. Unapewa hita ya gesi na mtungi, wanakujazia mwezi wa tano mpaka wa nane. Gesi haina moshi. Mama atalala kama mtoto."

"Na wanataka nini?"

"Atakuja mkaguzi kuangalia. Akikuta umeme, jina linafutwa, unaanza upya mwakani. Kwa hiyo sikiliza vizuri: iacheni nyumba ilivyo. Msipambe."

"Ilivyo. Sharp, sawa," alisema Gadiel.

Barua ikaja kwamba mkaguzi atafika Alhamisi saa nne. Gadiel alimweleza mkewe maneno ya Innocent, na wote wawili waliyaelewa kwa namna moja: wasiazime makochi, wasitundike mapazia ya watu, wasijifanye matajiri. Wakaacha stuli zao mbili na meza inayocheza. Lakini Coletha alifagia mara tatu, akakaanga kalmati, akatoa vikombe vya harusi yao. Mtu anakuja nyumbani. Awe wa serikali, awe wa wapi, ni mgeni.

Tatizo likawa chai. Coletha alichemsha ya majaribio kwenye lile jiko, akaionja, akaitema mlangoni.

Jirani yao, Marie-Louise, alimwona. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele saluni mjini, na Alhamisi ni siku yake ya kupumzika. Nyumba yake imegusana na yao, ila yeye mita anayo.

"Maman Coletha, unatema nini?"

"Chai. Inanuka mafuta ya taa."

"Eish! Utamunywesha mutu wa serikali petrole? Atasema Waswahili ni wachawi. Kwangu iko courant. Minakupitishia waya ku dirisha, na bouilloire yangu. Dakika mbili tu, maji inachemka."

Wakapitisha waya dirishani, birika la umeme likakaa juu ya meza. Gadiel mwenyewe ndiye aliyeuweka waya vizuri ili mgeni asijikwae. Hata mmoja wao hakuwaza vibaya. Umeme waliokuwa wanaujua ni ule wa ukutani, wenye mita na bili. Waya wa jirani ulikuwa wema wa jirani, kama chumvi ya kuomba.

Mkaguzi alifika saa nne na robo. Alikuwa mama wa makamo, Mzulu, Mama Ntombela, viatu vya kutembelea, faili kwapani. Alisalimia kwa Kizulu, Gadiel akajibu kwa Kizulu chake cha bandarini, mama akacheka. Aliangalia ukuta, akabonyeza swichi isiyokuwa na taa, akatazama lile jiko la mafuta, akamsikia Coletha akikohoa. Akaandika. Kila alipoandika Gadiel aliona mambo yanakwenda.

"Karibu chai, mama," alisema Coletha.

"Nina nyumba sita leo."

"Hizo sita zitakungoja. Kaa."

Mama Ntombela akakaa. Gadiel akabonyeza kitufe, birika likaanza kunguruma. Mkaguzi aliligeukia. Akaufuata waya kwa macho, mezani, sakafuni, ukutani, mpaka dirishani ulipotokea.

"Baba," alisema taratibu, "umeme mnao."

"Huo? Hapana, mama. Huo si wetu. Huo ni wa jirani."

"Fomu yangu haina mahali pa kuandika 'wa jirani'."

Chai ikamiminwa, kwa sababu ilikuwa imeshachemka. Mama Ntombela akanywa, akala kalmati mbili, akamtazama Coletha aliyekuwa anakohoa ndani ya kanga ili asimsumbue mgeni. Kisha akafunga faili.

"Simu yangu ya picha iko kwenye gari," alisema, kila neno peke yake. "Lazima nipige picha ya chumba hiki. Natembea polepole, miguu yangu mibovu. Nikirudi, nitapiga picha ya kitu nitakachokikuta. Umenielewa, baba? Nitakachokikuta."

"Nimeelewa, mama."

Akatoka. Alikwenda polepole kweli, akasimama kidogo kuongea na mbuzi wa mtu.

Gadiel alichoelewa ni kwamba mgeni anarudi. Na kwao Upareni mgeni hanywi kikombe kimoja akaondoka; kikombe kimoja hupewa mtu aliyekosea mlango. Akajaza maji, akabonyeza kitufe tena.

Marie-Louise, aliyekuwa amejibanza kwenye ukuta wake anasikiliza, alielewa vingine. Akachomoa waya kwake, akaanza kuuvuta ili utoke dirishani kabla mama hajarudi. Gadiel akaona birika linatembea mezani peke yake. Akalidaka. Akaushika waya kwa mikono miwili.

"Nani anavuta?"

"Ni mimi! Acha waya, vieux!"

"Maji hayajachemka!"

"Papa Gadiel, acha! Anarudi! Ficha hiyo kitu!"

"Mzee," Coletha alisema, naye sasa ameshatambua, "mzee, mwachie." Lakini kikohozi kilimkata hapo, na mume wake aliyesikia kikohozi tu akazidi kukaza, kwa kuwa sasa alitaka maji ya moto ya mkewe pia.

Mama Ntombela alisimama mlangoni, simu mkononi. Alimkuta mzee ameegemea nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe, birika kwapani, waya umekaza mpaka dirishani, na dirishani kichwa cha Mkongo.

Alingoja kidogo. Hakuna aliyesogea. Akapiga picha.

"Asante kwa chai," alisema. "Ilikuwa nzuri."

Gadiel alimsindikiza mpaka kwenye gari, kama inavyopasa. Njiani hakuomba, maana ndipo alipoanza kuelewa, na alikuwa mzito kumwomba mtu aliyekwisha kumsaidia. Mama naye akaingia garini. Alipiga gia akashuka kilima.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: nyumba ina umeme, mwombaji anaweza kuomba tena baada ya miezi kumi na miwili. Innocent aliisoma barua mara mbili, akauliza kilichotokea, akaelezwa, akaweka kalamu chini. Bado anajaza fomu pale pale, na sasa huwaambia watu wasipike chai.

Mwezi wa saba Coletha alilazwa siku tisa. Alipotoka hakurudi Cato Manor; mpwa wake Lulu, aliyeolewa Chatsworth kwenye ukoo wa Wazanzibari, alimchukua akampa chumba chenye hita. Kifua kilitulia. Bado yuko huko, kwa kuwa daktari alisema asihamishwe tena. Nafasi ya mtu wa pili haikuwepo. Marie-Louise alihamia Johannesburg mwisho wa mwaka, mita yake ikapata mpangaji asiyesalimia. Mama Ntombela alipelekwa wilaya nyingine. Mwaka uliofuata Gadiel aliomba tena, akakaguliwa na kijana asiyekaa, akapewa hita na mtungi. Anaishi peke yake na joto hilo, na Jumapili hupanda taxi kwenda Chatsworth.