Dereva Aliyefikia Lengo

Asubuhi ya zoezi la utayari tuligawiwa fulana za kijani, maji ya chupa na majukumu. Ofisi yetu ilikinga wananchi dhidi ya milipuko ya magonjwa kwenye ghorofa ya kwanza, na dhidi ya magonjwa ya moyo kwenye ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo sisi wa moyo tulianza kazi tukiwa tunahema. Ugonjwa wa zoezi ulikuwa wa kubuni, ila alihitajika mtu wa kufa. Wenye shahada tulikataa katakata. Tukamteua dereva, ambaye tulimwita Breki kwa sababu hakuwa mpenzi wa kuzikanyaga.

Breki alilala kwenye machela, akafa kama alivyoelekezwa. Tulimpulizia dawa, tukamfunga kwenye mfuko wa maiti, tukapiga naye picha. Wageni wa shirika la kimataifa walipiga makofi. Zoezi lilipofungwa alitoka, akaukunja mfuko vizuri maana ulikuwa wa kuazima, akawarudisha wageni hotelini. Kesho yake daktari wa ghorofa yetu alikuwa akijaribu mashine mpya ya presha kwa yeyote aliyepita, akagundua kwamba moyo wa Breki haupigi.

"Moyo ulisimama lini?" akamuuliza.

"Palepale kwenye machela. Nilisikia kitu kinanikaba kifuani, nikasema ngoja wamalize kwanza, nisije nikawaharibia."

Presha ya Breki ilikuwa juu kwa miaka. Kila tulipomtuma kupeleka mabango kwenye zahanati alirudi akisema vidonge hakuna kule, labda sisi tunavyo. Nasi tulimweleza, bila hata kumkaripia, kwamba bajeti yetu ni ya uhamasishaji. Sasa mashine ilisoma sifuri. Daktari alipima na mkono wa pili, kisha akateremka ngazi mbio kumpelekea Mkurugenzi habari njema. Tangu mradi wetu wa kushusha presha uanze, huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye presha yake imeshuka.

Tusijitie hamnazo. Tulijua amekufa, na tulifurahi kupita kiasi. Bango nililichora mimi mwenyewe: Breki ameshika usukani, anatabasamu, na chini yake neno "Inawezekana." Uso ulitoka wa kijivu kidogo, mpiga chapa akauongezea rangi. Tukaanza kumpeleka mikutanoni. Wajumbe walimshika kifundo cha mkono, wakausikiliza ule ukimya, wakamuuliza kuhusu chumvi. Breki alijibu kwamba siku hizi hali chochote. Walishukuru, wakaandika mapendekezo.

Mkewe alikuja ofisini siku ya kazi, amevaa nguo za msiba.

"Shemeji zangu, nimekuja kumchukua mume wangu nikamzike," alisema. "Usiku hasinzii, anakaa tu kitandani, macho kodo. Watoto wakimkumbatia wanatetemeka kwa baridi. Kachoka."

"Kweli nimechoka," Breki akasema kutoka mlangoni, funguo za gari mkononi.

Mkurugenzi ni mtu wa huruma. Alimpa shemeji pole, akamwagizia soda, akamweleza kwamba kumzika mtu mwenye presha nzuri namna ile kungewavunja moyo wafadhili. Labda baada ya mkutano mkuu.

"Mlisema hivyohivyo mkutano uliopita!"

Shemeji alisimama kwa hasira, akayumba, akashika meza. Daktari alimfunga mashine mkononi. Namba zilipanda mpaka mashine ikaanza kulia.

Breki alimtazama mkewe, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja. Mimi niliangalia dirishani. Niliona aibu, lakini ya kiasi.

"Mpeni vidonge," alisema. "Mimi msinizike. Nitaendesha mpaka mtakapochoka nyinyi."

Tulikubaliana hapohapo, bila ubishi, kwamba ombi lake ni la msingi, tukaliingiza kwenye mapendekezo ya mwaka ujao. Breki aliinama akashukuru, akaenda kuwasha gari maana wageni walikuwa wanasubiri uwanja wa ndege.

Shemeji alibaki kwenye kiti, jasho linamtoka, mkono kifuani. Mkurugenzi alimsogelea. Akamuuliza kwa upole kama ana nafasi siku ya zoezi lijalo, kwa sababu wafadhili walikuwa wameomba kwamba safari hii afe mwanamke.