Vipimo vya Sare

Fundi alikuwa ameshonea wajawazito wengi, mpaka akajiona hadanganyiki. Kwa hiyo siku aliyowapima wanakwaya sare mpya, zamu ya binti yake ilipofika na blauzi kupandishwa, alisita na futi ya kupimia mkononi. Mishipa ya buluu ilikuwa imetambaa tumboni mwa binti, minene, ileile aliyozoea kuiona kwa wateja wake. Akatazama chini. Mguu wa kushoto umevimba.

"Ya nani?"

"Ya nani nini, mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Hiyo mimba ya nani?"

Mwanakwaya mmoja akaangua kicheko: "Haya! Sauti ya kwanza imetuletea ya pili!"

Binti aliapa, akalia. Fundi hakumsikiliza. Alichukua kitambaa cha mwanawe, papo hapo akamkatia mwanakwaya mwingine.

Haikupita wiki mguu ukawa kama gogo, wakakimbilia hospitali. Baada ya picha, daktari akamkalisha fundi kitako.

"Mama, kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu kwenye moyo. Mwanao amezaliwa bila kipande chake. Ni nadra sana. Damu imejitafutia vichochoro, ndiyo hiyo mishipa ya tumboni. Sasa imeganda mguuni. Atatumia dawa, tutamfuatilia."

"Kwa hiyo... si mimba?"

"Mimba? Nani kasema mimba?"

Binti aligeukia ukutani. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, fundi alimfuata binti jikoni. "Nisamehe, mwanangu. Nimemwomba na Mungu."

"Mungu hakuwepo kwenye kicheko, mama. Ulinivua nguo mbele za watu, unanivika jikoni?"



Siku ya mazoezi ya kwaya fundi aliingia na kitambaa kipya kwapani, binti akichechemea nyuma, mguu umefungwa bendeji.

"Jamani, humu ndani nilimzushia mwanangu. Hana mimba, hajawahi kuwa nayo. Ni ugonjwa wa mshipa, kazaliwa nao. Mwongo ni mimi."

Aliyecheka siku ile akainamia viatu vyake.

Binti akasogea katikati ya chumba, akanyoosha mikono.

"Nipime."

Fundi akapiga magoti na futi yake. Alikazia macho namba, lakini uso wa mwanawe, pale juu, hakuthubutu kuutazama.