Kiwi ya Mji Mkuu wa Australia

Kwenye banda letu la vinyago pale Mwenge kuna sheria tatu, na hakuna hata moja inayohusu vinyago. Ikifika saa tisa alasiri, simu zote zinaingia kwenye beseni la bluu. Anayekosa swali la chemsha bongo anapaka kiwi ya viatu vinyago vya wenzake wote mpaka tufunge. Na jibu la Mzee Leonardi ndilo jibu, hakuna rufaa.

Mzee Leonardi ni baba yangu. Nasema mapema msije mkaniambia napendelea.

Kule Newala aliishia darasa la saba, halafu akaja Dar kusoma magazeti. Magazeti yenyewe ya kufungia vinyago, tena ya mwaka juzi. Mzungu akishanunua kinyago ilibidi asubiri kwanza baba amalize ukurasa ndipo afungiwe. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, kwamba Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika mara ya kwanza kule Lagos mwaka 1980, na kwamba kuna fundi mmoja wa kale wa Italia ambaye ni wajina wake. "Yeye alichora, mie nachonga," alikuwaga anasema. "Kasoro yake alikufa kabla hajaniona."

Lakini swali lake la kutambia lilikuwa mji mkuu wa Australia. Watu wanakimbilia Sydney. Ni Canberra. Kwa swali hilo amewapakisha kiwi walimu wawili, katekista mmoja, na Gibson wa duka la jirani, Mchaga ambaye nadhani mpaka leo anaamini Canberra ni aina ya sabuni.

Sasa, mwezi wa nne mwaka huu, mvua inagonga mabati, Gibson akaja kujikinga na akaona amchokoze Venance. Venance ndiye fundi wetu mkubwa baada ya baba, mtu wa Masasi, maneno yake unaweza kuyahesabu.

"Braza, mji mkuu wa Australia?"

"Canberra," Venance akasema, macho yako kwenye tezo.

"Sydney," akasema baba.

Tukacheka. Tukajua ni mtego, tukasubiri aufungue. Baba hakucheka.

"Sydney. Venance, chukua kiwi."

Venance akamtazama baba, halafu akanitazama mie. Nilikuwa najua. Mtoto aliyelala na jina la Canberra tangu chekechea atakosaje kujua? Ningeweza kusema. Nikafanya kile ninachokiweza.

"Pole braza Venance! Canberra wamehama, hawakukuachia namba?"

Banda zima likaangua kicheko. Venance akainuka, akachukua kopo la kiwi.

Jioni, nyumbani Tegeta, baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ananawa miguu. Hakuniangalia.

"Benja. Leo nilikosea, eti?"

"Wapi, baba?"

"Usinifanye mtoto. Lile jina lilikuwa hapa." Akagusa ulimi. "Nikalitafuta, nikakuta lingine limekaa kwenye kiti chake." Akamimina maji, yakapita pembeni ya mguu. "Patasi imeshanikataa, mikono unaiona. Kilichobaki ni kile kigoda changu cha bandani na maswali. Wakinitoa pale nitakuwa nakaa hapa mlangoni nahesabu kuku wa watu."

"Hawakutoi, baba."

"Basi nikikosea, wewe tania. Wakiwa wanacheka hawatasikia."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na kwa mara ya kwanza maishani nilifanya kazi kwa bidii. Baba akisema Mto Nile unamwaga maji Ziwa Victoria, namuuliza Suleiman wa msasa, aliyezaliwa kando ya ziwa hilo, kama kwao wameshapata mafuriko. Baba akisema uhuru wa Tanganyika ni mwaka 1964, nasema ndiyo maana Gibson ana sura ya kikoloni, alichelewa kuachiwa. Watu wanacheka, swali linapita, na aliyejibu sawasawa anachukua kiwi. Mara nyingi alikuwa Venance. Vidole vyake vikawa vyeusi kuliko mpingo. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa najipongeza, jamani. Nilikuwa najiona mjanja wa Mwenge nzima.

Mpaka siku moja mwezi wa saba. Baba mwenyewe ndiye aliyeuliza, amenyooka kwenye kigoda kama hakimu.

"Mji mkuu wa Australia?"

Nikaanza kuandaa utani. Venance akaniwahi.

"Sydney, mzee."

"Sydney," akasema Suleiman.

"Sydney," akasema Gibson kule dukani kwake, na wala hakuwa ameulizwa.

Baba akawapitia mmoja mmoja, taratibu, kama anavyokagua gogo lenye ufa.

"Nyie wote?"

"Wote, mzee."

"Hapa bandani hamjawahi kusema Sydney wote." Sauti yake ilishuka. "Mlianza lini kunihurumia?"

Venance akainamia tezo yake, Suleiman msasa wake. Ndipo nilipotambua kwamba miezi mitatu yote nilikuwa namficha mtu ambaye kila mmoja anamwona. Kumbe wakicheka walikuwa wananisaidia mie.

Baba akainama, akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa simu yangu.

"Fungua. Tafuta. Soma kwa sauti."

"Baba, sheria inasema..."

"Sheria niliiweka mie. Soma."

Nikasoma. Canberra.

Akafumba macho kidogo. Halafu akanyoosha mkono kwa Venance. Venance akalikumbatia kopo la kiwi kifuani, akatikisa kichwa. "Mzee, hapana." Mkono haukurudi. Ukabaki pale hewani mpaka kopo likawekwa juu yake.

Akaketi chini kwenye maranda, akapaka vinyago vya banda zima. Vya Venance, vya Suleiman, vyangu vibovu. Kigoda kikabaki wazi katikati yetu. Tulifunga banda bila mtu kuaga.

Kesho yake nilidhani atabaki Tegeta. Saa tisa kasoro namwona huyo anakuja, shati limepigwa pasi, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakaa. Jana haikuwemo kabisa usoni mwake.

"Haya, simu kwenye beseni. Benja, wewe unayejifanya mjuaji! Mji mkuu wa Australia?"

Wote wakanitazama. Nikavuta pumzi.

"Sydney, baba."

Akapiga goti lake kofi. "Canberra! Ni Canberra, mbumbumbu wewe! Miaka yote nakufundisha! Chukua kiwi!"

Banda likalipuka. Suleiman alikuwa anarukaruka na kipande cha msasa mkononi, Gibson anapiga mluzi. Nami nikacheka, nikaketi chini na lile kopo, nikaanza kupaka. Machozi nikayasingizia harufu ya kiwi. Nilimsikia akiuliza mengine, ziwa, Lagos, wajina wake wa Italia, yote sawasawa, moja baada ya jingine. Nikasema moyoni, huenda amerudi.

Nilikuwa nimefika kinyago cha saba nilipohisi ananiangalia. Alimwinamia Venance, akasema kwa sauti ya chini ambayo siku hizi haiko chini:

"Huyu kijana ana mkono mzuri. Mtoto wa nani?"

Venance akaweka tezo chini.

"Wako, mzee."

Baba akacheka mpaka akakohoa, akampiga Venance begani.

"Venance bwana! Kwa utani hujambo."