Weusi Kwenye Beringi

Orville Stenquist hakuwa na subira na kitu cheusi. Ufundi aliujulia kwenye matrekta ya kuvuta magogo, enzi za shaba na grisi, na kwake weusi juu ya chuma ulikuwa uchafu, basi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla binti yake Maren hajarusha helikopta kwenda kwenye misitu inayoungua, alichovya kitambaa kwenye spiriti akazisugua beringi za fimbo zinazogeuza mapanga ya juu yanayoirusha, mpaka zikang'aa kama sahani za wageni. Wenzake walimcheka. Acha wacheke; mtoto alikuwa wake.

Siku hiyo Maren alikuwa ameshapaa na wazima moto wake. Orville alikuwa akisugua beringi za helikopta ya pili wakati Delphine, fundi mkuu aliyeletwa juzi kutoka mji wa Kamloops, alipomsogelea.

"Mzee, hizo beringi unazioa au?"

"Wacha maneno, binti. Ona uchafu ulivyotoka."

Delphine alikitazama kitambaa, na mzaha ukamkauka mdomoni.

"Mungu wangu. Huo si uchafu, mzee! Humu ndani mna nguo iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki telezi, ikagandishwa kwa gundi. Haitaki grisi, haitaki spiriti. Inajipaka yenyewe kwenye chuma, na huo weusi ndio unaoilinda. Ukiufuta, inalika upya ili ijipake tena."

"Nani kasema?"

"Shika hapa. Tikisa."

Alitikisa. Fimbo ilicheza. Kidogo tu, lakini ilicheza, na fimbo hiyo haitakiwi kucheza hata kidogo.

"Na ya Maren je?" Delphine aliuliza.

"Ile ndiyo naisugua kuliko zote."

Alikimbilia chumba cha redio, Delphine nyuma yake. Hata kabla hajaita, sauti ya Maren ilikuwa hewani.

"Kambi, mnanisikia? Kuna mtetemo huku. Umeanza ghafla, usukani unanipiga mikono."

"Tua! Tua sasa hivi, popote! Ni beringi, mwanangu. Nimezimaliza mimi, kwa mikono yangu hii."



"Chini yangu ni moto mtupu, baba. Mto uko mbele. Najaribu kuufikia."

Hakumlaumu. Heri angemtukana, Orville angejua pa kuuweka uchungu. Maren hakuwa ameachia kitufe cha redio, maana nyuma yake kijana mmoja alisikika akiuliza, huku sauti ikimtetemeka, kama watapona.

"Tulia, kaka," Maren alimwambia. "Chombo hiki anakihudumia baba yangu mwenyewe. Hakuna fundi anayenipenda kama yeye."

Redio ikakoroma, ikanyamaza. Delphine aliita, akaita tena. Hakuna aliyejibu.