Sura Ambayo Kamera Haikufunzwa

Kamera mpya ya chama cha riadha ilikuwa na akili, na masikini, ilinunuliwa na watu wasiokuwa nazo. Ukiionyesha sura ya mtu ikaikariri, hata katikati ya umati itamtafuta huyo huyo na kumtoa safi, mpaka kope zinahesabika, wengine wote wabaki ukungu. Mtu mwenye fahamu zake angeikaririsha sura za wakimbiaji. Mkuu wa Habari aliikaririsha sura za kamati.

Walipanga foleni ofisini, Mwenyekiti mbele, mashavu yakimeta mafuta, wakatulia kwenye lenzi kama wachumba wanaotafutiwa posa. Walipokwisha, Mkuu alikata kipande cha gundi ya karatasi, akakibandika juu ya swichi ya ubavuni mwa lenzi, ile inayomwachia mpiga picha alenge kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatia sahihi juu yake.

"Kengeza," alimwambia mpiga picha, "nikikuta sahihi hii imechanika, beba na mfuko wako uende."

Walimwita Kengeza kwa sababu miaka yote ya kufumba jicho moja ilikuwa imemwachia jicho lenyewe dogo. Aliitika sawa mkuu, sawa mkuu, na moyoni akawatukana mpaka wa mwisho wa foleni.

Alikuwa na sababu. Sebuleni kwake ilitundikwa picha ya marehemu mkewe, enzi za usichana wake, akikata utepe wa mwisho wa mbio. Lakini mgeni ilibidi aambiwe ni yeye, maana kilichoonekana pale ni moshi wenye namba kifuani. Aliyetoka safi, mpaka kifungo cha shati, ni yule yule Mwenyekiti, wakati huo katibu tu, amesimama nyuma ya utepe akijikuna shingo. Mpiga picha wa zama hizo naye alikuwa ameagizwa awatazame wakubwa. Mkewe aliifanyia mzaha picha hiyo hadi anaingia kaburini. Wageni wakiuliza, alisema ni Katibu na mzimu wake.

Sasa binti aliyemwachia, aliyefiwa na mama angali na meno ya utoto, angekimbia mita mia nne mbele ya kamati ile ile. Kengeza aliapa kwamba huyu hatatoka moshi. Kombe wangempa wamtakaye. Yeye alitaka picha moja tu.

Asubuhi ya mashindano alimkalisha bintiye dirishani aikaririshe kamera sura yake. Kumbe mashine ilikuwa imejaa. Kumwingiza mmoja lazima umtoe mmoja. Alimtoa Mwenyekiti. Alikibonyeza kitufe cha kufuta taratibu, kama mtu anayenyonya peremende, na raha aliyoipata hakuwa ameionja tangu afiwe.

"Tulia, mama. Usicheke."

"Baba, chai inapoa."

"Chai itapashwa moto. Sura haipashwi."

Uwanjani, kamati ilikuwa imeshasimama nyuma ya utepe, mikono mgongoni, matumbo mbele, utadhani wao ndio wametoka kukimbia. Mchujo ukaanza. Binti alitokea kwenye kona meno nje, mdomo umekwenda upande, macho yamebaki mistari, mishipa ya shingo imetutumka. Kamera ikamtafuta yule msichana mpole wa dirishani, isimwone. Ikamkimbilia Mhazini, aliyekuwa anatafuna karanga.

Kengeza alitazama kioo cha kamera: magego ya Mhazini, na mbele yake moshi. Alisonya mpaka mwamuzi akageuka. Ameicheka kamati wiki nzima, kumbe na yeye ameifunza mashine sura ya mtu anayesubiri chai. Nani hukimbia na sura hiyo? Labda Mwenyekiti, na Mwenyekiti hakimbii hata mvua, hushikiwa mwavuli.

Binti alikuwa amepita kwenda fainali. Kabla haijaanza, Kengeza aliichana sahihi ya Mkuu kwa ukucha, akasukuma swichi. Alilala kifudifudi kando ya njia, akalenga mstari wa mwisho wa chokaa pale bintiye atakapoukanyaga, akazungusha lenzi mpaka kila jani la nyasi karibu na chokaa likasimama peke yake. Hapo akaacha. Hakumfuata mtu tena. Atakayefika mstarini atajikuta ametengewa mahali. Mstari hauna cheo wala haujikuni shingo.

Mwenyekiti alimwita kwa sauti ya juu, akamwambia kamati iko huku, huko chini anapiga sisimizi? Wenzake wakacheka kicheko cha kumvika kilemba cha ukoka. Kengeza alijitia uziwi.

Wakaja. Binti alipitwa kwa bega moja tu, akawa wa pili. Kengeza alibonyeza.

Alipitia kwanza duka la kusafishia picha, akatoa nakala yake, ndipo akaenda ofisini. Mkuu aliitazama picha muda mrefu. Kengeza alijua kosa lake, na kwa hilo alikuwa tayari kuomba radhi: mshindi alikuwa amekatika, umebaki mkono wake mmoja ukingoni.

"Mwenyekiti yuko wapi?" aliuliza Mkuu.

Kengeza alimwonyesha doa jeupe nyuma ya bega la bintiye. Habari ya mshindi Mkuu hakuiuliza, wala hakugundua kwamba hayupo. Aliinua kamera, akakitazama kipande cha gundi kilichochanika, akafungua kinywa. Kengeza alikuwa ameshauchukua mfuko wake.

Nyumbani binti aliiona picha akafunika uso. Alisema baba amempiga akiwa mbaya hivi, kama mtu anayeng'olewa jino, na akamwomba aichane.

"Mama yako alikuwa na sura hii hii siku ile," alisema Kengeza. "Nilikuwa pale. Mdomo ulikwenda upande huo huo."

Binti aliichukua picha, akaisogeza karibu na ile ya ukutani, ya moshi, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akaugusa ule mdomo kwa kidole.

"Na hili doa huku nyuma ni nani?"

"Hakuna mtu, mama," alisema Kengeza, na akainuka kutafuta msumari.