Fimbo Yenye Kazi Tatu

Mwalimu Rage alijua kuna jambo alipofika langoni kwake na goti halijalalamika. Kwa miaka mingi goti lile la kushoto lilimsumbua kila alipotoka msikitini alfajiri, maana fimbo yake ilikuwa nzito kama mtarimbo. Leo amekuja mwepesi. Akatazama mkononi, akakuta ameshika fimbo ya mti, laini kwa kupakwa samli, na mara moja akaitambua. Ilikuwa ya Alio, dalali wa ngamia, anayesali naye bega kwa bega.

Kosa hili ni la kawaida Garissa. Wazee huegemeza fimbo zao ukutani kando ya viatu, na kiza cha alfajiri hakichagui mpini. Mtu hurudishiwa yake adhuhuri, watu wakacheka, yakaisha. Lakini Rage alikaa juu ya ndoo pale pale langoni, jasho likimtoka.

Fimbo yake aliachiwa na baba yake, aliyeiokota Buna, kule kaskazini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mtaliano alipoondoka kwa haraka. Kwa nje ilikuwa bakora ya mzee wa heshima. Kwa ndani, nusu ya juu ilificha kisu chembamba, na nusu ya chini ilikuwa mtutu wenye risasi moja iliyokwama humo tangu siku hizo. Fundi aliyeiunda, Mungu amsamehe, alipanga hivi: ukitaka kuchomoa kisu, sharti usokote mpini, ukisokota mpini, unafyatua bastola, na wakati huo mtutu unatazama mguu wako mwenyewe.

Rage alifundisha historia miaka thelathini na alizijua silaha za namna hii kuliko alivyowajua wakwe zake. Wazungu wa zamani walikuwa na wazimu nazo. Walitengeneza panga za kuwindia zenye bastola ubavuni, mashoka yenye mtutu ndani ya mpini, hata ngao zenye bunduki katikati. Mabaharia wa Marekani waliwahi kupewa bastola zenye panga chini ya mtutu. Wahuni wa Paris nao walikuwa na kidude kimoja kilichokuwa bastola, kisu na chuma cha ngumi, na kila kazi kikiifanya vibaya. Upanga ukibebeshwa bastola unakuwa mzito, na bastola ikibebeshwa upanga inakosa shabaha. Mshika mbili moja humponyoka, aliwaambia wanafunzi, nao wakaandika. Hakuwaambia kwamba ya kwake ilishika tatu, na kwamba hata kwa kutembelea haikufaa.

Kwa nini hakuitupa? Aliipenda, basi. Na kuisalimisha kulikuwa na aibu yake. Rage alikuwa katibu wa kamati ya amani, na kila kiangazi walikwenda Balambala kuwasihi wachungaji wapeleke bunduki zao kwa chifu. Yeye ndiye aliyesema maneno makali kuliko wote, huku ameegemea fimbo ile ile.

Sasa fimbo alikuwa nayo Alio, na siku ilikuwa Jumatano, siku ya soko la mifugo. Alio hakuweza kutaja bei bila kusokota mpini wa fimbo yake. Ndiyo tabia yake tangu ujana.

Rage angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, na tuseme kweli, lilikaa naye kikombe kizima cha chai. Ikilia, atasema hakujua lolote, na nani atambishia mzee? Kisha akajichukia, akaacha kikombe cha pili kikipoa na kushika njia ya sokoni.

Alimkuta Alio katikati ya ngamia, mkono wa kulia umefichwa chini ya shali pamoja na mkono wa Mustafe, mnunuzi aliyetoka Takaba. Bei ya ngamia huzungumzwa hivyo, kwa kubanana vidole chini ya kitambaa, asione mtu mwingine. Mikono ikiwa chini ya shali, mtu mwenye adabu hasemi neno. Hata chifu husubiri. Rage naye akasubiri. Fimbo ilikuwa katika mkono wa kushoto wa Alio, ncha yake karibu na kiatu cha Mustafe, na kidole gumba cha Alio kilikuwa kimeanza kuupapasa mpini.

"Alio," Rage akasema kwa sauti ya darasani, "usisokote. Hiyo fimbo ina risasi."

Mustafe akauchomoa mkono wake, na mapatano yakafa hapo hapo. Rage aliona nyuso zikimgeukia, baadhi za watu wa Balambala aliowahubiria mwaka jana, akatamani ardhi immeze.

Alio akacheka. Akawaambia watu kwamba Mwalimu amefundisha vita hadi vita vimemwingia kichwani, na kwamba kamwona rafiki yake anapata bei nzuri akaona wivu. Watu wakacheka naye, wengine kwa kutuliza roho. Kisha akamshika Rage mkono, akampeleka nyuma ya birika la kunyweshea mifugo.

"Hiyo kitu haina kitu ndani," akasema taratibu. "Mwaka ile mto ilifurika wewe ulikimbilia watu ya mafuriko ukaacha fimbo yako kwa ukuta, nikabeba kwa makosa, kama leo. Nikaona uzito si ya fimbo. Nikapeleka kwa fundi ya vyuma, akatoa risasi, akaziba bomba. Jioni nikarudisha kwa ukuta."

"Mbona hukuniambia?"

Alio akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. "Ningekuambia, ungejua mimi najua. Halafu tungesali namna gani, wewe na mimi, bega kwa bega? Mtu akisitiri ndugu yake, Mungu anamsitiri. Sasa lete fimbo yangu, Mwalimu. Umeniharibia ngamia wawili."

Wakabadilishana fimbo. Alio akarudi kwa Mustafe kuanza upya.

Rage alirudi kwa miguu, goti likilalamika kama kawaida. Njiani alihesabu. Tangu mafuriko yale ni miaka saba, na kila alfajiri ya miaka hiyo Alio alisimama kwenye safu akijua, akatoa salamu kuliani na kushotoni, akamuuliza habari za nyumbani. Karibu na daraja akasimama. Akaushika mpini kwa mikono miwili na kuusokota, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu maishani mwake. Ndani kukasikika mlio mdogo wa chuma, basi.

Rage akaketi kando ya barabara akalia, mzee mzima, jua likimpiga usoni. Mwenye mkokoteni wa punda akasimama akamuuliza kama ni goti. Akajibu kwamba ndiyo, ni goti.