Nyakio na Lango Lililokataa Kufunguliwa

Kwa mambo ya kubeza watu, Kabazi nzima ilikuwa imemwachia Nyakio uwanja. Alijua kubetua mdomo mpaka uguse pua. Alijua kusonya, ule msonyo wa kuanzia jikoni ukaishia barabarani. Kukejeli, kukebehi, kudhihaki, kumchoma mtu kijembe halafu umuulize habari ya watoto, yote aliyatenga kama mtu anayechagua maharagwe: hili la kupika, hili la mbegu, hili la kuku. Lakini kutukana hakutukana. Hiyo, alisema, ni kazi ya watu walioishiwa na maneno.

Basi Jumamosi wakwe walipokuwa wanakuja kumposa mjukuu wake Nyaguthii, nani mwingine angewekwa langoni? Desturi ya kwao ni hiyo. Wageni wanafungiwa nje, akina mama wanawaimbia maneno ya kuwashusha, nao wageni wanajibu kwa wimbo, wakijisifu na kuwacheka wenyeji, ndipo lango linafunguliwa. Asiyejibu hafunguliwi.

"Cucu, leo punguza," Nyaguthii alimwomba nyanya yake, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado. "Kina Kiptum ni watu wa Mogotio. Hawana mambo ya kelele."

"Nikiwapokea kimya watadhani hatuwataki," Nyakio alisema, akajifunga leso kiunoni.

Gari likaja, likasimama kwenye matope. Akashuka Micah Kosgei, mjomba wa Kiptum, kofia mkononi. Akashuka Kiptum mwenyewe, mchumba wa Nyaguthii, ambaye kwa urefu wake alishuka kwa awamu. Kiti cha nyuma alibaki nyanya yake Kiptum, mama mzee Chepchirchir, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa.

Nyakio akaanza, na wenzake wakaitikia:

"Hawa ni kina nani wamesimama kama mbuzi walionyeshewa?"

Micah akatazama viatu vyake.

Nyakio akaona labda ameimba chini sana. Akaongeza. "Na huyu mrefu ni bwana harusi, ama mmetuletea ngazi ya kuangulia parachichi?" Akina mama wakaangua kicheko, wakazomea, mmoja akapiga vigelegele. "Na kile kibuyu, hayo maziwa mmeyalaza mpaka yakazeeka, hamngeyaamsha kabla ya safari?"

Micah akavaa kofia yake taratibu, akaisawazisha.

"Tumesikia," alisema kwa heshima. "Asanteni. Twendeni nyumbani."

Nyakio akafurahi sana. Wanajua kuigiza hawa! Lakini gari likawashwa, likageuza, na Nyaguthii akatoka nyumbani mbio na ile nusu ya nywele imesimama.

"Cucu, umenifukuzia watu! Kwao ukisimamishwa mlangoni ukaambiwa maneno, umekataliwa. Unaenda na hurudi. Aki Cucu, hawarudi!"

Nyakio akahisi leso imembana. Miaka yote amebeza watu, na hakuna aliyewahi kumwamini.

"Fungueni!" akaamuru.

Ufunguo ulikuwa kwa mama yake Nyaguthii, na huyo akaufumbata ndani ya ngumi. "Mama, si wewe ulitufundisha? Hata aje nani, asipojibu hafunguliwi."

"Mimi nimesema fungua!"

"Na mimi nimedinda. Ulisema hata wewe mwenyewe ukituomba tukudharau."

Kweli, alikuwa amesema. Nyakio akasonya, msonyo mfupi, hakukuwa na muda. Akainama, akapenya kwenye ua wa miiba pale kuku wanapopitia, akatokea upande wa pili bila slipa moja, leso imechanika, majani kichwani, akalikimbilia gari lililokuwa linateleza matopeni. Akagonga dirisha kwa ngumi.

"Nijibu!" alisema, pumzi imekatika.

"Tujibu nini, mathe?" Micah aliuliza.

"Nibezeni. Nichekeni. Huo ni wimbo wa kuwapenda! Mlitakiwa mnirudishie. Tafadhali baba, nikejeli hata kidogo tu."

Micah akamtazama Kiptum. Kiptum akajikuna shingo. "Nilidhani mnajua," alimwambia mjomba wake.

Dirisha la nyuma likashushwa. Mama Chepchirchir akamwangalia Nyakio kutoka juu, macho yakashuka mpaka kwenye ule mguu usio na slipa, yakapanda tena. Halafu, polepole, akabetua mdomo.

"Huyu ndiye askari wa lango?" alisema. "Anapita kwa ua kama kuku aliyeiba mahindi?"

"Hapo!" Nyakio alipiga kigelegele. "Endelea, mama!"

"Na mnacheka maziwa yetu, nyinyi mnaoponda mukimo kama chakula kiliwakosea?"

"Uuui! Sema tena wakusikie!"

Wakarudi kwa miguu, mama Chepchirchir mbele na kibuyu chake, akibeza nyumba, akibeza matope, akibeza jogoo aliyekaa juu ya ua. Kumbe mdomo ulikuwepo siku zote. Haukuwa umepata mwenzake.

Langoni, mama yake Nyaguthii alikuwa amepanda juu ya jiwe, ufunguo umening'inia kidoleni.

"Wageni tumewasikia, mnaweza kupita," aliimba. "Lakini hicho kizee chenye majani kichwani mmekiokota wapi? Hicho hatukijui!"

Akina mama wakaitikia. Nyaguthii alikuwa anacheka na machozi yake bado mashavuni.

Nyakio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Kabazi ikamwona amekosa neno. Mama Chepchirchir akamshika mkono, akamsogeza karibu na kibuyu.

"Huyu ni wetu," alisema. "Tumetoka naye Mogotio. Fungueni."